Vita vya Maji Maji na Mashahidi wa Pande Zote

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vikaisha mwaka 1907. Vimekwisha kuandikwa na wengi. Lakini sisi twaona kwamba mkusanya kumbukumbu za vita hapimwi kwa wingi wa kurasa zake, bali kwa watu aliowauliza.

Gavana von Götzen alitoa kitabu chake mwaka 1909, nacho chanena kwa kinywa cha mtawala. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alivitungia utenzi. Mkulima wa bara yeye alichelewa kuulizwa. Kwa hiyo twawashukuru G. C. K. Gwassa na John Iliffe, ambao katika kitabu chao kilichopigwa chapa Nairobi mwaka 1968 waliyaweka maneno ya wazee karibu na hati za Wadachi. Mwaka uo huo wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakaandika habari za wazee kabla hawajafa.

Hata hivyo kazi ile ina upungufu. Taifa lilikuwa changa, nalo lilitaka kusikia habari za umoja. Basi aliyepigana upande wa pili hakupewa nafasi ya kutosha. Boma la Mahenge liliposhambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, wengi wa waliolilinda walikuwa askari Waafrika. Wahehe na Wasangu nao walitoa watu wa kuwasaidia Wadachi. Je, hao hawakuwa na hofu, wala kisasi cha kale, wala neno lo lote la kusimulia? Kitabu cha James Giblin na Jamie Monson cha mwaka 2010 kimeyatazama mambo hayo, nacho ni chema kwa kuwa hakifichi ugomvi wa wenyeji wenyewe kwa wenyewe.

Tena tuyaangalie maneno. Mdachi aliandika "uasi". Mjukuu wa mpiganaji asema "vita". Wamatumbi walikuwa na neno njwiywila, yaani habari inenwayo kwa siri. Mwandishi akiyageuza yote kuwa neno moja, amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuwasikia mashahidi.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Gwassa alikisia kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi. Basi wenye njaa nao ni upande wa tatu, wapasao kusikiwa.

Walioyaona mambo hayo kwa macho hawapo tena. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu, wa mpiganaji na wa askari, nao huenda wakaketi katika darasa moja na kanisa moja. Mwalimu akimwuliza mmoja na kumwacha mwenziwe, humfundisha yule aliyeachwa kumwonea haya babu yake, naye hunyamaza. Na kinywa kimoja kikinyamaza, hata habari ya yule aliyesema huwa nusu.