Nani Aliyeona? Uthabiti wa Mtazamo katika Kisa cha Simbi Nyaima

Uthabiti wa mtazamo katika nathari huchukuliwa mara nyingi kuwa kanuni ya ufundi tu: mwandishi aliyeanza kuona kwa macho ya mhusika mmoja asirukie macho ya mwingine pasi na sababu. Makala haya yanadai kwamba kanuni hiyo ina uzito wa kimaadili pia. Mfano unaochunguzwa ni kisa mashuhuri cha Waluo wa Kendu Bay.

Simbi ni ziwa dogo la kasoko, lenye maji ya magadi ya rangi ya kijani, karibu na mji wa Kendu Bay. Kisa kinaeleza kuwa hapo palikuwa na kijiji. Usiku wa karamu alifika bibi kizee asiyejulikana, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkirimu, naye akaonywa ahame. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Ndiyo maana ya neno 'nyaima'. Grace Ogot alikiandika kisa hiki kwa Kidholuo katika mwongo wa 1980.

Gérard Genette, mwaka 1972, alitenganisha maswali mawili: nani anasema, na nani anaona? Katika kisa hiki swali la pili ni gumu. Walioshuhudia maangamizi kwa karibu wameangamia. Aliyenusurika alikwisha kuondoka. Mwandishi anayefuata macho ya mwanamke huyo hana budi kuishia mbali, kwenye ngurumo za usiku na maji ya asubuhi. Akimwacha ghafla ili aonyeshe watu wakizama, amepata tukio la kusisimua lakini amevunja ahadi aliyompa msomaji kuhusu mipaka ya ujuzi wake.

Je, mbona msimulizi wa jadi hakulaumiwa kwa kujua yote? Katika siwindhe, nyumba walimolala wasichana, sigana zilitambwa na pim, ambaye alikuwa mwanamke mzee. Sauti yake iliunganisha kila kilichoonwa. Zaidi ya hayo, anayesimulia kisa cha mzee aliyefukuzwa ni mzee mwenyewe. Hadhira ilijua hukumu inatoka upande gani. Maandishi humwondoa pim machoni pa hadhira, na hukumu hiyo ikabaki ikielea kana kwamba haina mwenyewe.

Hapa ndipo maadili yanapoingia. Mtazamo uliofungwa kwa mwanamke mkarimu huwahukumu waliozama bila kuwasikiliza, lakini angalau hukiri kwamba hauwajui. Mtazamo wa mjua-yote una wajibu mkubwa zaidi: ukiweza kuingia nafsini mwa mkarimu, lazima uingie pia nafsini mwa mlevi wa karamu, na mwa mtoto aliyelala asijue kwamba kuna mgeni mlangoni. Mjua-yote anayechagua kutowajua hao peke yao huifanya adhabu ionekane ya haki kwa kuwanyima wahukumiwa sura.

Kwa hiyo, mhakiki asitosheke kuhesabu mara ambazo mtazamo umehama. Aulize pia kila uhamaji umempa nani nafasi ya kuonekana, na umemfunika nani. Uthabiti wa kweli ni uaminifu kwa mipaka ya ujuzi ambayo matini yenyewe imejiwekea.