Nchi Isiyokuwa na Dini: Uhakiki wa Maneno Matatu

Wapenzi wa tungo hawana mazoea ya kuisoma Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, nao hukosa mengi. Ibara yake ya 3, kama isomekavyo leo, inaitaja nchi yetu kuwa ni "isiyokuwa na dini". Ni maneno matatu tu, lakini yastahili kupimwa kama tupimavyo mshororo.

Sikio la mwambao haliyapokei kwa wepesi. Kwetu, kumwambia mtu kuwa hana dini ni kumvunjia heshima: ni kama kusema hana haya wala ahadi. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina undugu na "deni". Nchi isiyo na dini husikika kama nchi isiyowiwa na mtu. Watunga sheria hawakukusudia hayo. Walitaka kusema kuwa dola haina upande.

Ibara ya 19 ina ufasaha zaidi. Imempa kila mtu uhuru wa imani, na uendeshaji wa jumuiya za dini imeuweka nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndio ukuta, lakini ukuta wenye milango. Mgonjwa wa Mkolani, kusini mwa jiji la Mwanza, hupelekwa kilimani Bugando, katika hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Serikali iliitaifisha mwaka 1972, ikairejesha kwa Kanisa mwaka 1985 kwa mapatano ya kushirikiana. Huku Visiwani mlango uko kwingine: Kadhi huhukumu kwa sheria ya mwaka 2017, naye Mufti, kwa sheria ya mwaka 2001, huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Na wimbo wa taifa hilo hilo "lisilo na dini" huanza kwa jina la Mungu.

Sioni aibu katika milango hiyo. Hatari ni kwamba kila jamaa huuona mlango wa jirani, wake akausahau; na maneno ya Ibara ya 3, kwa kukana yasichokusudia kukana, hayamsaidii yeyote kuamua. Lau ingeandikwa "isiyoegemea dini", raia angepata kipimo: angeiuliza Serikali imeegemea wapi, kwa nani, na kwa kiasi gani. Kukosa kitu si wajibu. Kutoegemea ni wajibu, na wajibu hudaiwa.