Wahenga Wanaojificha Nyuma ya Neno "dit": Uhakiki wa Kamusi ya Tanguay

Mwanafunzi wa tafsiri anayepewa matini ya Kifaransa kuhusu walowezi wa Kanada hakosi kukutana na Cyprien Tanguay, kasisi aliyechapisha juzuu saba za Dictionnaire généalogique des familles canadiennes kati ya mwaka 1871 na 1890. Makala haya mafupi yanaihakiki kamusi hiyo ya nasaba kwa jicho la lugha. Je, mpangilio wake unaafikiana na desturi za majina za watu inaowaeleza?

Kwanza tumpe Tanguay haki yake. Alipitia rejista za parokia za ubatizo, ndoa na mazishi, akaunganisha familia moja baada ya nyingine. Aidha, kwa kuwa rejista hizo zilimwandika mke kwa jina la ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa, msomaji anaweza kufuatilia ukoo wa mama kama ule wa baba.

Udhaifu unaanzia kwenye vidahizo. Kamusi imepangwa kwa majina ya ukoo, kana kwamba jina la ukoo halibadiliki. Lakini walowezi wengi walikuwa na majina mawili yaliyounganishwa kwa neno "dit". Kikosi cha Carignan-Salières kilipowasili Québec mwaka 1665, askari wake wengi walijulikana kwa majina ya kijeshi, na mamia kati yao walibaki kuwa wakulima. Watoto walirithi majina yote mawili au mojawapo. Ndiyo maana wazao wa Pierre Hudon dit Beaulieu, wengine ni Hudon na wengine ni Beaulieu. Kinyume chake, watu wawili wanaoitwa Lafleur huenda hawana undugu wowote, kwani askari wengi waliitwa hivyo.

Chukua mfano wa Alphonse Desjardins, aliyeanzisha chama cha akiba na mikopo huko Lévis mwaka 1900. Baba yake alikuwa François Roy dit Desjardins, na mama yake Clarisse Miville dit Deschênes. Anayemtafuta babu wa Desjardins kwenye herufi D pekee ataambulia patupu.

Tanguay mwenyewe alilitambua tatizo hili, akaweka orodha ya majina hayo katika juzuu ya mwisho. Hata hivyo, dawa iliyowekwa mwisho wa juzuu ya saba haimfikii msomaji anayefungua juzuu ya kwanza. Makosa mengine ya kamusi yalisahihishwa baadaye, hasa na René Jetté katika kamusi yake ya mwaka 1983, inayoishia mwaka 1730.

Nasi walimu tuna la kujifunza. Wanafunzi wengi hutafsiri "dit" kuwa "kwa jina la utani". Tafsiri hiyo inaweza kumfaa askari wa kwanza, lakini haimfai mjukuu wake, ambaye hakutaniwa na mtu: alirithi. Tunapendekeza "aitwaye pia", kwa sababu inayapa majina yote mawili uzito sawa. Kosa hapa si la mtindo tu. Mfasiri akiliona jina la pili kuwa utani na kuliacha, amekata uzi ambao kizazi kizima kingeufuata.

Pengine wanafunzi wetu kutoka Burundi na Rwanda wataielewa hoja hii upesi kuliko wengine. Kwao, kwa desturi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa baba mmoja huweza kuwa na majina tofauti. Wanajua tangu utotoni kwamba jina halitoshi kuthibitisha undugu.

Kwa jumla, kamusi ya Tanguay bado inafaa kusomwa darasani, ila isomwe kuanzia orodha ya mwisho. Mwanafunzi aandike kwanza majina yote ya mtu, kisha jina la mke na parokia ya ndoa, ndipo afungue vidahizo.