Selo kwenye Video ya Mazishi ya Babu

Babu alipozikwa kule Nyamira, kazi ya kutengeneza video ya mazishi iliniangukia mimi. Mimi ndiye mjukuu aliyeacha chuo, nina laptop, na ukoo mzima unaamini sina kazi. Nikakaa kwenye saiba moja Kisii mjini, nikatafuta muziki wa huzuni kwenye intaneti, nikapata selo inayolia polepole. Nikakata sekunde arobaini za mwanzo, nikazibandika chini ya picha, nikafifisha sauti mwishoni. Shangazi zangu walilia. Nikajiona fundi.

Nyanya aliitazama kwenye simu yangu, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu anayelia, mbona umemnyamazisha kabla hajamaliza?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeusikiliza wimbo wenyewe. Ni Élégie ya Gabriel Fauré, Mfaransa, kipande cha selo na piano alichokiandika mwaka wa 1880 na kikachapishwa 1883. Kizima kinachukua kama dakika saba. Nimekirudia mara nyingi tangu siku hiyo, na nadhani sisi tunaobandika muziki huu kwenye video tunauelewa vibaya.

Tuanze na ufunguo. Kiko kwenye C maina. Kama umelelewa na kwaya na solfa, hiyo ni ngazi ambayo nyumbani kwake ni la, si do. Kila mahali utaambiwa maina ni huzuni, meja ni furaha, na sauti nene ya selo inamalizia kazi. Mimi sikubali. Kama unene wa sauti ungekuwa huzuni, sisi Abagusii tungekuwa tunalia kwenye kila harusi. Obokano yetu ni zeze kubwa la nyuzi nane, lenye bakuli la mti lililofunikwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake iko chini sana, tena ina mvumo unaoutetemesha mkeka. Nyatiti ya majirani zetu Wajaluo nayo ina nyuzi nane, lakini sauti yake iko juu kuliko hiyo. Bado obokano ikianza, watu hutikisa mabega. Hakuna anayetafuta leso.

Kwa hivyo huzuni ya Fauré inatoka wapi? Mimi naisikia kwenye mwendo. Ameandika "molto adagio", yaani polepole sana. Lakini sikiliza piano peke yake. Inapiga pigo lile lile, tena na tena, kama miguu ya wanaobeba jeneza kwenye njia ya matope kati ya mashamba ya chai. Hawakimbii na hawasimami. Juu yake selo inalia, na piano haiisubiri. Kama umewahi kufiwa, unajua hiyo hali: wewe umevunjika, na bado kuna mtu anauliza sufuria za kukodi zitarudishwa saa ngapi.

Jambo la pili ni kwamba selo haianzi kwa upole. Inaanza kwa nguvu, kwa mdundo unaoteremka, halafu inarudia maneno yale yale kwa sauti ndogo kabisa. Nimewaona akina mama wakifanya hivyo hivyo matangani. Mtu anapiga nduru langoni, halafu akikaa chini anayarudia yale yale kwa kunong'ona, kama anajihakikishia.

Sasa yale niliyokata. Katikati wimbo unahamia A flati meja, piano inaleta wimbo mwingine laini, na kwa muda mfupi unadhani mambo yatakuwa poa. Halafu noti zinaanza kukimbia, inakuwa dhoruba, na ule wimbo wa kwanza unarudi juu kwa kelele, huku piano ikiwa imeacha kutembea na kuanza kuchemka. Mwisho kila kitu kinashuka hadi mnong'ono, bado kwenye maina. Hakuna anayefarijiwa kwa lazima. Mimi nilichukua mlango tu, nikauita nyumba.

Si kwamba namsifu Fauré kwa kila kitu. Zile mbio za katikati zina harufu ya jukwaa, kama mchezaji anatuonyesha vidole vyake wakati tulikuja kumlilia mtu. Obokano haina anasa hiyo. Ukikwanyua uzi, sauti inaanza kufa hapo hapo. Haina upinde wa kuishikilia kama selo. Basi mpigaji hurudia, hurudia, na juu ya marudio hayo anaimba na kusimulia. Ala inashika mwendo, mdomo unabeba habari. Fauré anaipa selo kazi zote mbili, na mara nyingine inaelemewa.

Lakini ninachojua sasa ni kwamba polepole inahitaji muda wake wote. Ukiikata inabaki kitufe cha machozi, na kitufe hicho kitamliza mtu yeyote kwa ajili ya mtu yeyote. Hakikuwa na uhusiano na babu yangu, mzee aliyekuwa akigombana na redio.

Nilitengeneza video upya, dakika saba nzima, picha zikifuata wimbo hadi mwisho. Mjomba alilalamika kwenye grupu ya WhatsApp kwamba inakula bando. Nyanya alisinzia kwenye ile meja, na noti za mbio zikamwamsha. Akaniomba niirudishe nyuma kidogo. Haikuwa kwa sababu ya selo. Alikuwa amekosa picha ya babu akiwa na ng'ombe wake.