Ustadi Katika Kijagi cha Ukumbusho

Katika makabati ya familia nyingi za Uingereza kimo kijagi cheupe kinachoenea kiganjani, chenye nembo ya mji ubavuni. Bibi alikirithi kwa mama yake, aliyekinunua pwani siku ya mapumziko. Wajukuu hawakitilii maji wala maua; hukifuta vumbi na kukirudisha mahali pake. Kazi iliyokifikisha hadi kwao inastahili sifa.

William Henry Goss alianzisha kiwanda chake mwaka 1858 huko Stoke-on-Trent, kitovu cha ufinyanzi. Katika miaka ya 1880 mwanawe Adolphus alileta wazo jipya. Reli ilikuwa imefungua njia, sheria ya mwaka 1871 ilikuwa imeongeza sikukuu, na wafanyakazi walimiminika ufukweni kwa siku moja. Adolphus alitaka watengenezewe ukumbusho wanaoumudu: mifano midogo ya mitungi ya kale iliyohifadhiwa katika makumbusho, ikibeba nembo ya mji waliouzuru.

Bei ilikuwa ya chini, lakini hakuna hatua iliyorukwa. Udongo ulizimuliwa kwa maji ukawa kama uji, ukamiminwa ndani ya kalibu ya plasta. Plasta ilifyonza maji, tabaka jembamba likaganda ukutani, na udongo uliosalia ukamwagwa. Chombo kilikaushwa, kikachomwa, kikang'arishwa. Mistari ya nembo ilichapwa kutoka bamba la shaba lililochongwa, kisha wanawake wakaijaza rangi kwa brashi, simba kwa simba, ua kwa ua, kabla chombo hakijarudi tanurini. Mkono ukitetemeka kidogo tu, nembo ingeweza kuharibika.

Goss alifariki mwaka 1906, na familia ikauza kiwanda mwaka 1929. Majina ya wengi wa wachoraji wale hatunayo. Kazi yao tunayo, nayo inashuhudia kwamba mnunuzi wa kipato kidogo hakupewa kitu kilichotengenezwa ovyo.

Ewe uliyerithi chombo cha namna hii, usikipime kwa bei ya mnada pekee. Kigeuze, usome alama ya kiwanda kitakoni, kisha uwaandikie wanao nani alikinunua na wapi. Nawe fundi unayemuuzia mgeni wa siku moja, tengeneza chombo kana kwamba wajukuu wake watakirithi. Huenda wakakirithi kweli.