Saksafoni Si ya Lobi
Hapa Kericho ukitaja jazi, watu hufikiria lobi ya hoteli: saksafoni inanong'ona huku wageni wakinywa chai tuliyochuma sisi. Mimi nakataa. Hebu msikilize Immanuel Wilkins, mzaliwa wa 1997. Kwenye albamu ya Omega (2020) anapiga alto kumkumbuka Mary Turner, mwanamke mjamzito aliyeuawa na kundi la Wazungu huko Georgia mwaka 1918. Hapo chai haipiti kooni.

Lakecia Benjamin naye alivunjika taya kwa ajali ya gari 2021, akarudi na Phoenix (2023). Huyo ni moto, ni fanki, hashikiki. Lakini nikiambiwa nichague mmoja, ni Wilkins. Benjamin anakupandisha mzuka papo hapo. Wilkins anakutaka utulie. "Lift", inayofunga The 7th Hand (2022), ina dakika 26 hivi. Ukivumilia ile vurugu, utasikia watu wanne wakipumua pamoja.

Eti si muziki wetu? Mwaka 1950, pale Kapkatet, wasichana walimwimba Jimmie Rodgers, Mmarekani wa gitaa, wakamgeuza Chemirocha, Mkipsigis kabisa. Kama nyanya zetu walimweza kwa kinubi tu, sisi wa simu na bando tutashindwaje na alto?