Jino la Juu Mezani

Wanaocheza michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya dadu na mazimwi, wanalijua fumbo la watoto wa goblini. Mashujaa wamevamia pango, wameua kila mwenye upanga, halafu nyuma ya ngozi iliyotundikwa wanakuta vitoto vinane vinalia. Msimulizi anaweka kalamu chini, anatabasamu: haya, mnafanyaje? Ukiviua wewe katili, ukiviacha vitakua vije kuchoma kijiji. Fumbo hili limezunguka dunia nzima na, niseme wazi, silipendi. Mara nyingi haliwekwi mezani ili watu wafikiri, linawekwa ili msimulizi aonekane mjanja.

Kilichonirudisha kwenye jambo hili ni kusoma upya Habari za Wakilindi, nikiwa Lushoto mwezi wa saba, baridi ile ya masweta mawili na ukungu unaoingia hadi sebuleni. Kwa ambao hamjakutana nacho: ni kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyewahi kuwatumikia Wakilindi wenyewe, na kilichapwa kwa vipande na wamisionari wa Magila kati ya 1895 na 1907. Kinaanza na Mbega, mwindaji kutoka Nguu, ambaye uzao wake ulikuja kutawala Usambara kutoka Vuga.

Mbega aliota meno ya juu kwanza. Wengi wetu wa huku tunajua maana yake: kigego, mtoto wa nuksi, ambaye kwa desturi ya zamani hakutakiwa kuishi asije akawamaliza ndugu zake. Wazazi wake hawakumuua.

Sasa, mwaka jana nililipeleka jino hilo mezani. Tulikuwa watano, sahani ya magimbi katikati, jiko la mkaa pembeni, dadu yenye pande 20 ikigombaniwa. Nikasimulia: mvua imegoma, mahindi yamekauka, na katika nyumba ya mwisho kijijini mtoto ameonyesha jino la juu. Wazee wanawasubiri ninyi wageni mseme neno. Nikaweka kalamu chini. Nadhani nilitabasamu.

Jamaa mmoja akasema, "Mpelekeni kwa daktari wa meno." Meza ikacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Dada mmoja, mwenyeji wa upande wa Soni, akainuka kwenda kuchemsha chai. Chai ile ilichukua muda mrefu sana.

Baadaye, tukiteremka barabarani, ndipo akaniambia. Bibi yake mzaa mama alikuwa kigego. Walimficha kwa shangazi, kijiji kingine, akakua, akauza kabichi Soni mpaka uzeeni. Na maisha yake yote, bibi yule akicheka aliziba mdomo kwa mkono. "Kaka, hukukosea kulileta," akasema. "Ulikosea kucheka."

Wachezaji wa Ulaya na Marekani wana dawa zao kwa hali kama hii. Kuna kadi ya X, aliyoibuni John Stavropoulos: inawekwa mezani, anayeumia anaigusa, jambo linarukwa bila kuulizwa sababu. Kuna pia mistari na mapazia ya Ron Edwards: mstari ni kile kisichoingia mchezoni kabisa, pazia ni kile kinachotokea lakini hakionyeshwi. Ni vitu vizuri, navitumia. Ila usiku ule kadi isingetusaidia. Yule dada hakutaka jino liondoke mezani. Alitaka lizungumzwe kama kitu chenye uzito.

Hapo ndipo Abdallah ananifundisha kazi. Tazama anavyolichukua jambo lenyewe. Hatupigii ngoma ya kilio, wala hatuchekeshi. Anasimulia kwa sauti ya karani anayeandika shauri lililofika barazani: mtoto alikuwa hivi, wazazi wakafanya vile, tuendelee. Jawabu halitolewi siku ile ya jino. Linakuja miaka mingi baadaye, kwenye mirathi. Mbega sasa ni mtu mzima, anadai haki yake, na jamaa wanamnyima: wewe ni kigego, huna fungu. Huruma ya wazazi imekuwa deni, na anayelilipa ni mtoto. Kisha anakimbilia Kilindi, anafanya urafiki na mtoto wa mtawala, kijana yule anakufa mbele ya nguruwe wakiwa mawindoni, na Mbega anakimbia tena. Kila mlango anaoufungua unafunguka na lile jino mkononi, kama mtu anayesafiri na barua asiyoweza kuitupa.

Nina ugomvi nacho hata hivyo. Hii ni habari ya walioshinda. Mbega anakuja Usambara, anaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, anaua simba, anapewa utawala. Kumbe basi wazazi hawakukosea: mtoto alikuwa mfalme! Jibu la namna hiyo linaninyima raha. Michezo ya mezani imejaa hadaa hii hii, yule goblini uliyemhurumia sura ya kwanza anakuokoa sura ya kumi. Kwa hiyo aliyekua akauza kabichi tu, je, aliokolewa bure?

Wenye utajiri zaidi kwa mchezaji, kwa maoni yangu, ni Wasambaa wenyewe na namna yao ya kuuzungumza utawala. Dungeons & Dragons ya leo inampa kila mtu chumba kimoja kati ya tisa, mwema mpaka mwovu, mtii mpaka mkaidi. Steven Feierman, aliyesikiliza wazee wa huku, ameandika juu ya maneno mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Mwenye uganga wa mvua anaweza yote mawili, kwa uganga ule ule. Huwezi kumwandikia mtu wa aina hiyo chumba kimoja. (Kichekesho cha historia: kitabu cha Feierman juu ya ufalme wa Wasambaa na toleo la kwanza la Dungeons & Dragons vyote vilitoka 1974, vyote katika jimbo la Wisconsin. Sidhani kama viliwahi kusalimiana.)

Tulikutana tena baada ya wiki tatu. Niliomba radhi mbele ya wote, kwa kifupi, maana maelezo marefu nayo ni mzigo kwa aliyeumizwa. Yule dada akaomba tuanze upya, mtoto awe ameshakua, ana miaka 30, amerudi kudai kipande cha shamba la baba yake, juu ya bonde, penye mgomba na mti wa pichesi. Yeye ndiye angemcheza. Jamaa wa daktari wa meno akajitolea kuwa baba mdogo anayekataa.

Walibishana karibu saa tatu juu ya robo eka isiyokuwepo. Baba mdogo alikuwa na hoja, tena nzito: watoto wake wawili walikufa mwaka ule wa jino, sasa nani atamwambia ni bahati mbaya tu? Umeme ukakatika, hakuna aliyesimama kutafuta mshumaa. Dadu ilibaki chini ya sahani ya magimbi, tukaikumbuka asubuhi.